Waliofia Njiani Hawakuwamo Kwenye Rejesta

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakiingia kwa makundi, nilihamishiwa Kigoma kuwa karani wa takwimu za afya. Mume wangu alibaki Tanga, na baada ya miezi michache akaacha kujibu barua zangu. Nilipanga chumba mtaa wa Gungu. Majirani walikuwa watu wema, ila tukishasalimiana walirudi kwenye Kiha chao, nami nikabaki nimesimama mlangoni.

Kazi yangu ilikuwa kujumlisha rejesta za zahanati za vijijini na za kambi ya wakimbizi. Kila mwezi karatasi zangu zilionyesha jambo lile lile: wajawazito walikuwa wakifa kambini, vijijini karibu hakuna. Kwa hiyo gari la wagonjwa likakaa kambini, likakatazwa kubeba mtu asiye mkimbizi. Wanavijiji waliliona likiwapita barabarani, wakalalamika. Mkuu wangu aliwajibu kwa karatasi zangu.

Siku moja nilikwenda kijiji cha Kidahwe kuchukua rejesta. Kwenye benchi la zahanati alikaa mwanamume wa makamo, ameshika kadi ya kliniki kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, dada. Nimerudisha kadi ya mke wangu. Sijui kama huwa inarudishwa."

Mkewe alikuwa amefia njiani wiki iliyotangulia, majirani wamembeba kwenye machela, mtoto bado tumboni. Nikafungua rejesta kumtafuta. Hakuwamo. Muuguzi akaninong'oneza, "Sisi tunaandika waliofika. Huyu hakufika."

Nilikaa palepale kwenye benchi. Kambini kila kifo kiliandikwa, maana kila mtu alikuwa na kadi ya chakula. Vijijini waliofia njiani walizikwa tu na ndugu zao. Mimi nilikuwa nikiwajulisha wakubwa kwamba hawakufa, tena kwa mwandiko mzuri.

Nikaomba likizo yangu ya mwaka. Badala ya kwenda Tanga nilizunguka vijiji vya barabara ya Kasulu, kisha nikapanda boti hadi Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa. Niliuliza nyumba kwa nyumba ni mama gani aliyekufa kwa uzazi, alitokea wapi, alikuwa akipelekwa wapi. Huko Mwamgongo bibi mmoja alinitajia binti zake wawili, akaniuliza, "Ukishaandika, itakuwaje?"

"Sijui, bibi."

"Basi andika. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kwenye kikao mkuu wangu alizipitia kurasa zangu, akazifunga. "Hizi si takwimu. Ni masimulizi ya majirani. Unataka tuwanyang'anye wakimbizi gari?"

"Hapana, mzee. Nataka gari lisimame na vijijini pia."

Hakuna aliyeniunga mkono. Wengine walidhani nawachukia wakimbizi, wengine kwamba namchafua mkuu. Wenzangu wakaanza kunikwepa. Kulikuwa na siku nilizorudi Gungu sijazungumza na mtu tangu asubuhi, nikapika samaki wangu wa migebuka na kula peke yangu, redio nimeifungulia ili tu kuwe na sauti chumbani.

Sikuacha. Kila Jumamosi nilirudi vijijini, nikamwomba kila afisa mtendaji athibitishe majina ya kijiji chake, asaini na kugonga muhuri. Mkunga mmoja wa kambini, mkimbizi, alinisaidia kuliko wote. Aliandika kwa mkono wake kwamba gari lilikuwa likishinda bila safari siku nyingi, na kwamba wao hawangeumia likibeba wengine.

Kurasa zilipokuwa na mihuri, mkuu alizisoma upya, safari hii polepole. Hakuniomba radhi. Alizipeleka ngazi ya juu mwenyewe, na baada ya msimu mzima wa mvua agizo likatoka: gari libebe mjamzito yeyote wa barabara ya Kasulu, na kila kijiji kiandike vifo vya nyumbani na njiani. Boti ya wagonjwa kwa ajili ya Mwamgongo iliahidiwa. Nilipohama Kigoma ilikuwa bado haijaletwa.

Mwezi wa kwanza wa agizo lile nilifungua rejesta ya hospitali, nikaona mstari mmoja: mama kutoka Kidahwe, ameletwa na gari la kambini, amejifungua msichana, wote wazima. Niliinua kichwa nikitaka kumwonyesha mtu. Ofisi ilikuwa tupu. Nikaupigia mstari ule alama ndogo kwa penseli, nikaendelea kujumlisha.