Vijiti Mgongoni mwa Kiti

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alikaa nyuma yangu kwenye basi la bendi, akijifunga plasta vidoleni. Yeye alipiga dramu katika bendi ile ya roki. Mimi dereva tu. Miaka yote alinigongea vijiti taratibu mgongoni mwa kiti nisije nikasinzia, na barabara ikapita kama usingizi: ukungu, mahoteli, mashuka yasiyo yetu. Viganja vyake vilikuwa na sugu kama vya mwashi, lakini kwenye kiti changu vijiti vyake vilidondoka kama manyunyu.

"Mama, utamtoboa mzee!" mpiga gitaa akamtania.

"Ana ngozi nene huyu."

Mara vijiti vikanyamaza. Nikapunguza mwendo, nikageuka, maana daktari alishatuonya juu ya moyo wake. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Juma lililofuata nilimzika. Bado naliendesha basi lile, na kimya kikizidi nyuma yangu sigeuki tena, kwa vile alivyoniambia asubuhi ile bila kufumbua macho: "Tazama mbele, mzee wangu. Nikinyamaza ujue nahesabu mapigo tu, nasubiri pa kuingia."