Siku niliyogoma kutafsiri "asante" mbele ya wafadhili wa zahanati yetu

Wakuu, salaam. Haya yametokea kijijini kwetu, ndani kidogo kutoka Lugoba, na sehemu ya aibu ni yangu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Nina digrii ya sosholojia. Maana yake nyumbani nakumbukwa pale tu Kiingereza kinapohitajika.

Mwezi uliopita wakaja wafadhili. Mwaka jana walituletea mashine ya ultrasound, sasa wanataka kuona inavyofanya kazi ili walete ya pili.

Zahanati yenyewe haina maji. Mama anayekuja kujifungua anakuja na ndoo zake mbili. Dada yangu Mwanaidi wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo msinishangae nilivyokuwa na hasira.

Na ile mashine? Hakuna aliyefundishwa kuitumia. Imefunikwa kanga, juu yake kuna redio.

Kiongozi wa wageni, mama mmoja mpole, akauliza kama inasaidia.

Mama Zaituni, nesi wetu mkuu, akatabasamu. "Mwambie inatusaidia sana. Mungu awazidishie."

Nikamnong'oneza, "Mama, inasaidia kubeba redio."

"We mtoto, mgeni hakataliwi zawadi yake. Tafsiri."

Ndivyo tulivyo huku. Ukiletewa kitu unashukuru, hata kikiwa kofia na wewe kichwa huna. Halafu tunashangaa kila mwaka zinakuja kofia.

Basi nikamgeukia mgeni nikamwambia: haijawahi kuwashwa hata siku moja, tunachoomba ni maji.

Yule mama akaenda kufunua kanga mwenyewe. Redio ikaanguka. Mama Zaituni Kiingereza hajui, ila hilo alilielewa.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli."

"Wewe keshokutwa uko Dar na ukweli wako. Glovu ninazozalishia wanaleta hawa hawa. Wakisusa, hao wanawake nawashika na nini, na digrii yako?"

Wakuu, la glovu sikulijua. Miaka yote chuoni nilihoji kila kitu mpaka wahadhiri wakanichoka, lakini nesi wa kijijini kwangu sikuwahi kumuuliza swali moja.

Mgeni akataka kujua tunabishania nini. Nikatafsiri yote, pamoja na nilivyotukanwa.

Akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Akasema glovu zitakuja hata akisikia lisilompendeza. Sasa nesi aseme, angechagua yeye angeomba nini?

Mama Zaituni akanitazama. "Ukichomeka la kwako nitakujua." Kisha akaanza: tanki, bomba mpaka chumba cha kuzalia, sinki. Aliongea mpaka chai ya wageni ikapoa. Alikuwa na orodha nzima kichwani, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Juzi glovu zimefika. Fundi naye amekuja kupima pa kuweka tanki, akaondoka. Mwanaidi tumbo limeshuka. Sasa tunasubiri nani atatangulia, tanki au mtoto.

Mama Zaituni salamu yangu anaitikia, ila kwa kifupi sana.

Nilichojifunza: kabla hujajifanya jasiri kwa niaba ya mtu, muulize kwanza yeye atapoteza nini. Mimi nilibahatisha tu. Angekuwa mfadhili mwenye hasira za karibu, leo ningekuwa naandika uzi mwingine kabisa.

Haya, kwenu mliletewa nini ambacho hamkukiomba? Na kuna aliyethubutu kusema? Mwageni hapa, matusi pia napokea.