Mgeni wa Tovuti Husindikizwa

Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Louisville, tovuti ya kwaya yetu iligoma, na ndugu wa Buffalo walikuwa wanasubiri wimbo mpya. Binti mmoja anayesomea kompyuta Columbus, aliyekuja kututembelea, akafungua seva, kompyuta inayoitunza tovuti, na kucheka.

"Kila anayeingia kwenye tovuti, seva inamwandika kwenye faili. Haijawahi kufuta hata mmoja, sasa imejaa pomoni. Nifute wote?"

Kiongozi wa kwaya, mama wa Kivu, akamdaka mkono. "Bon, unataka kutupa bageni betu? Kwetu mugeni anasindikizwa!"

Binti akatafakari, akaandika amri chache. "Basi, mama, kila Jumapili seva italikunja faili la zamani liwe dogo, ianze jipya. Lililokunjwa litakaa mwezi, kisha litaondoka lenyewe."

"Donc, basi linasindikizwa," akasema mama, akamwachia mkono.

Tovuti ikafunguka. Mgeni wa kwanza alipoandikwa kwenye faili jipya, mama alisimama mbele ya kioo cha kompyuta, akapiga vigelegele na kukipungia mkono.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Seva yetu inampa mwezi mzima, na haimuulizi ataondoka lini.