Niliomba kibali cha maegesho Ifakara, wakaelewa naomba bandari

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo nitawaitikia marahaba mkifika kwenye maoni.

Ninayosimulia hapa yalitokea. Ya kubuni huwa nayaweka kwenye makala zangu, na wahariri huyakata.

Ni miaka ya tisini, katikati hivi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikarudi Ifakara kufundisha Kiswahili sekondari. Nikajenga kanyumba upande wa Katindiuka, kwenye kiwanja kilichopimwa. Nilikuwa na pikapu kuukuu iliyowaka ikijisikia, na digrii iliyofanya kazi kwa mtindo huohuo.

Mama yangu, Bibi Agripina, alikuwa akiishi kwao Mahenge. Akaanguka shambani, akavunjika nyonga. Hospitali wakamtibu, wakampa magongo mawili na onyo: asipotembea, mguu utagoma moja kwa moja. Nikamleta kwangu.

Sasa wanaoijua Ifakara wanaujua udongo wetu. Kiangazi ni tofali. Masika ni uji mweusi. Gongo likizama, linatoka na tope la kutosha kufinyangia chungu.

Jumapili ya kwanza mama akataka kwenda misa. Vijana wawili wa jirani wakambeba juu ya kiti kutoka barazani hadi kwenye pikapu, ambayo ilibaki barabarani kwa sababu nayo iliuogopa uwanja wangu. Tuliporudi, mama akaniita kando.

"Mtu hubebwa akizaliwa, na hubebwa akifa," akaniambia. "Hii ya katikati sijaiomba."

Jumapili iliyofuata hakwenda misa. Ya baada yake pia hakwenda. Na huyu, wakuu, ni mama aliyewahi kwenda kanisani na malaria, akitetemeka kuliko kengele. Magongo akaanza kuyaacha nyuma ya mlango. Nikaona anazima huku namtazama.

Nikaamua kuusakafia uwanja. Zege tupu kutoka barazani hadi barabarani, mtaro wa barabara tunauvuka kwa kalavati, maji yapite chini yake, na nafasi ya gari mlangoni kabisa.

Mtu wa kawaida angechanganya zege Jumamosi na mambo yakaisha. Lakini kiwanja kimepimwa, mtaro ni wa mji, na mimi ni msomi. Nikaandika barua ofisi ya ardhi, nikaambatanisha mchoro, na kichwa cha barua kikasomeka: "Yah: Maombi ya kibali cha kujenga njia ya gari na maegesho."

Maegesho.

Mtaa mzima ulisema pakingi. Wanafunzi wangu walisema pakingi. Lakini mimi nilijiona mlinzi wa Kiswahili sanifu kwa bonde zima la Kilombero, kuanzia Malinyi hadi Mchombe, ingawa hakuna aliyeniajiri kwa kazi hiyo.

Ifakara ni nchi ya mto. Enzi hizo gari unapaki, baiskeli unaegemeza ukutani. Kinachoegeshwa ni mtumbwi.

Kwa hiyo habari zikatoka ofisini kabla ya majibu. Kwamba mwalimu wa Katindiuka anataka kuyaingiza maji ya mtaro kwake, apate pa kuegesha mitumbwi. Na kalavati si hiyo hapo kwenye mchoro?

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yangu wa upande wa chini, Mama Nkwimba. Msukuma, alihamia bondeni na mumewe na ng'ombe wao, wakakolea kwenye mpunga. Ghala lao lilikuwa karibu kabisa na mpaka wetu. Akasalimia, akakaa, akauliza hali ya mama, akanywa maji. Ndipo akasema:

"Mwalimu, nasikia unatuletea bandari."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hayo maji yakichoka kukaa kwako yatakwenda wapi? Mpunga wangu uko pale."

Nikampa somo zima: asili ya neno, matumizi yake, mifano katika sentensi. Akasikiliza kwa adabu, akasema ameelewa. Akatoka pale akaenda moja kwa moja ofisini kupinga.

(Nimefundisha madarasa mengi tangu siku ile. Hakuna lililonielewa vizuri namna hiyo.)

Ndipo akaja Bwana Kasian, afisa wa mipango miji. Wakuu, huyu ndiye hasa sababu ya uzi huu.

Alikuja kwa miguu, mvua inanyesha, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Nikamwambia angesubiri ipungue. Akanijibu kwamba kiwanja kikiwa kikavu kila mtu ana haki, ndiyo maana yeye hupenda kuja mvua ikinyesha.

Akamwamkia mama shikamoo. Kisha hakuniuliza mimi mwenye barua, akamuuliza yeye: njia hii unaitakia nini?

"Nifike barabarani kwa miguu yangu, baba. Gari ni la huyu."

Akaomba magongo. Afisa wa serikali, shati jeupe, akayatia kwapani, akainua mguu mmoja na kuanza kuvuka uwanja wangu kwenye mvua. Kabla hajafika katikati gongo moja likazama, naye akakaa topeni.

Mama Nkwimba, aliyekuwa amesimama mpakani na sura ya kesi, akaangua kicheko. Mama naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya kiti.

Bwana Kasian hakuinuka haraka. Alikaa palepale akitazama maji yanakoelekea, halafu akaniita nitazame. Yote yalikuwa yanaserereka kuelekea kwa Mama Nkwimba, ila udongo ulikuwa unayanywa njiani. Zege halinywi. Mchoro wangu ungeyapeleka yote ghalani.

Nilikuwa nataka kumpitisha mama yangu juu ya chakula cha mwenzangu, tena kwa Kiswahili fasaha.

Uamuzi aliutoa palepale, sote watatu tukisikia. Uwanja mzima, hapana. Mikanda miwili ya zege kwa ajili ya matairi, katikati nyasi zinywe maji, na kila mkanda uinamie mtaroni. Mama akauliza kama mkanda mmoja utamtosha na magongo yake. Bwana Kasian akamsimamisha barazani, akaangalia upana wa magongo yalivyopanuka, akauchora topeni, akaongeza kidogo. Hicho ndicho kipimo kilichoingia kwenye kibali.

Nilikuwa nimesikia habari za maofisa wa namna nyingine. Huyu alikunywa uji wa mama, akaaga. Mlangoni akanigeukia:

"Mwalimu, ungeandika pakingi ningegonga mhuri mezani, nisije. Hilo neno lako limetuponya."

Sijui kama ilikuwa sifa. Nimeipokea kama sifa hadi leo.

Mama Nkwimba akaondoa pingamizi lake. Na bila kuombwa, akatuma mkokoteni wa ng'ombe ukatubebea mchanga na kokoto.

Zege lilipokauka, Jumapili nikaileta pikapu hadi barazani, nikafungua mlango kwa mbwembwe. Mama akanipita.

"Wewe baki na maegesho yako."

Akashika mkanda wa kushoto, gongo, mguu, gongo, mguu, hadi kwenye kalavati. Mama Nkwimba alikuwa amesimama pale kama anayepokea mgeni kivukoni. Nikawasha gari, likakataa, likakubali, nikaenda kumpakia mama yangu barabarani, alikotaka yeye.

Pale kwangu pakaitwa Bandarini. Hadi sasa ukimwambia mwendesha bodaboda "nipeleke Bandarini kwa Mwalimu", anakufikisha, na bahari yenyewe haijui hata Ifakara iko upande gani.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alitembea. Alipofariki ilikuwa masika. Wabebaji wa jeneza walipotoka barazani wakajipanga wenyewe, safu moja mkanda wa kushoto, safu nyingine wa kulia. Hakuna aliyeteleza. Kwa hesabu yake mama, kwa kuwa ile ya kiti alikataa kuihesabu, alibebwa mara mbili tu.

Nilichojifunza: usiogope kuomba kibali. Ogopa kibali ambacho aliyekitoa hakulowa miguu.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu, hauna zege. Nani mwingine amewahi kumpata afisa aliyevua viatu? Tumtaje kwa wema hapa, maana wabaya wana nyuzi zao tayari.