Nilimchafua Mtani Wangu Asiilinde Bandari

Nimekosa, tena kwa makusudi. Sikuteleza, sikurubuniwa na mtu, wala shetani hakunipitia kama watu wanavyopenda kusema wakishabanwa. Nilikaa kwenye kigoda changu, akili timamu, nikamchafua mwanamume asiye na hatia ili asipate kazi bandarini. Na siku ile nilifurahi! Nakwambia wewe kwa sababu hunijui.

Mimi ni mama mkulima wa korosho, huku Mnyambe, Newala. Huyo niliyemchafua tumwite Baba Zuhura. Alikuwa mlinzi wa ghala la chama chetu cha msingi, pale tunapopeleka magunia kabla ya mnada.

Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu. Kama hukukulia huku nikueleze. Mtani anaweza kukuita mchawi mbele ya mkweo, akakukamatia kuku akamla, akakwambia mama yako ana miguu ya bata, nawe huna ruhusa ya kununa. Unamrudishia kubwa zaidi, mnacheka, yanaisha. Kumwekea mtani kinyongo ni mwiko. Mimi nilimwekea.

Ilianza hapo hapo ghalani. Msimu ule mvua iliwahi, na mimi nilitaka kuwahi mnada, nikapeleka korosho ambazo hazijakauka. Nilijua ni mbichi! Kavu niliziweka juu, mbichi nikazizika katikati ya gunia. Baba Zuhura akalichoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, akazitazama, akaagiza wapagazi walimwage lote kwenye turubai mbele ya foleni nzima.

"Mtani!" akapaza sauti. "Umetuletea korosho au umetuletea kisima? Kumbe ndiyo maana Newala hatuna maji, yote umeyafungia kwenye gunia!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ilikuwa zamu yangu kumjibu, na kwa kawaida mimi mdomo sikosi. Siku ile nilipiga magoti tu. Nilizoa korosho zangu moja moja, jasho linanitoka, na moyoni nikasema: wewe, nitakupata tu.

Ndipo ikaja habari ya bandari. Serikali ilikuwa imetoa ruzuku ya kuimarisha ulinzi wa bandari kule Mtwara, korosho zetu zinakopakiwa melini. Tulielezwa kwenye mkutano wa kijiji: uzio mpya, taa, kamera, mtambo wa kumulika makontena, na fedha ya kufundisha walinzi. Wakasema wanataka baadhi ya walinzi hao watoke huku tunakolima, watu wanaoijua korosho, wanaoweza kutazama gunia wakajua limefunguliwa njiani na kushonwa upya.

Mkutano mzima ukageuka kumtazama Baba Zuhura. Nani mwingine?

Ghalani ni kazi ya msimu. Korosho zikiisha, anarudi kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, kama sisi wote. Bandarini ni ajira ya kudumu. Alienda Masasi kwenye usaili, akafaulu. Akanunua na viatu vyeusi sokoni huko huko, akawa anavivaa hata kwenda shambani, eti anavizoesha! Mkewe alikuwa anaimba akifua. Mimi kila nikisikia ule wimbo, nafunga mlango.

Kilichobaki ni kuulizia mwenendo wake nyumbani. Maofisa wawili wakaja, mwanamke na mwanamume. Sikuwafuata, jamani, waliletwa kwangu! Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyewaleta, tena kwa majivuno.

"Huyu ni mtani wake," akawaambia. "Anamjua ndani nje, na mtani haoni haya kusema."

Yule ofisa wa kike akaniuliza kwa upole, "Mama, Baba Zuhura ungemkabidhi mali ya watu?"

"Magunia yakipungua ghalani," nikasema, "funguo huwa kwa nani?"

Balozi akaangua kicheko. "Watani hawa! Msiwasikilize sana." Ofisa hakucheka. Akanitazama usoni. "Mama, unatania?"

Hapo ningeweza kurudi nyuma. Ningecheka tu, naye angecheka, na Baba Zuhura angeshuka Mtwara na viatu vyake. Lakini nililiona lile turubai. Niliwaona watu wameshika mbavu.

"Kwenye hili sitanii," nikasema. "Mimi ni mzazi. Yule ni mwizi."

Balozi akaacha kucheka. Angemteteaje mtu ambaye mtani wake mwenyewe amekataa kumtania? Na nikuapie, hakuna gunia hata moja lililowahi kupotea mikononi mwa yule bwana!

Jina lake likakatwa. Habari zikapenya mpaka kwenye chama, nao wakamnyang'anya funguo za ghala, wakasema ni kwa muda. Maofisa hawakumwambia nani kasema, na balozi naye, kwa haya ya kuwaleta kwangu, hakusema.

Basi akaja uani kwangu, kama ilivyo desturi yetu ya kucheka na shida. "Mtani, wamesema mimi mwizi. Ficha masufuria yako!" Nilicheka mpaka machozi. Yeye akadhani nacheka naye. Loo, chakula cha jioni ile kilikuwa kitamu!

Ila kuna kitu kikawa kinanikera. Hajui! Nimempiga, na hajui nani kampiga. Anakula kiporo changu, ananitania, anamlaumu mtu asiyemjua. Kisasi gani hicho? Nilitaka ajue. Nilitaka aione sura yangu.

Tulikutana kwenye mashine ya kusaga, muhogo wangu umeshamwagwa, wake unasubiri. Nikamwambia, "Ni mimi niliyewaambia wale wa bandari."

Akacheka. "Wewe? Wewe hata chawa wako huwezi kumsema."

"Sitanii, Baba Zuhura. Umenisikia? Ni mimi. Ulinimwagia gunia mbele za watu, na mimi nimekumwagia maisha yako."

Kicheko kikamtoka usoni polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kofi. Alibeba muhogo wake bila kusaga, akaondoka. Na mimi, mjinga, nikaona nimeshinda!

Kisha mama yangu akafariki.

Huku kwetu msiba hauendi bila watani. Wao ndio wanaochimba kaburi, wanaozuia jeneza njiani mpaka wapewe chochote, wanaovaa kanga ya marehemu na kumuigiza alivyokuwa akitembea, mpaka mfiwa acheke huku analia. Mama alikuwa bingwa wa hayo. Misiba yote ya ukoo wao alizuia jeneza yeye.

Walikuja. Ukoo wote ulikuja, Baba Zuhura mbele. Nikainuka, nikisubiri anikebehi, nilikuwa na hamu nayo kama mtu mwenye kiu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

Shikamoo! Mimi na yeye tumetoka jando na unyago msimu mmoja! Nyuma yake wakafuata wengine, mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mikono kifuani. Wakakaa kwenye mkeka kama wageni kutoka wilaya nyingine. Kaburi wakalichimba, bila neno. Jeneza likapita njia nzima bila kuzuiwa na mtu. Kanga ya mama ilibaki kwenye kamba, hakuna aliyeigusa. Walimzika mama yangu kwa adabu kama mtu wasiyemjua, na mimi niliyasikia majembe tu.

Usiniulize kama nimemsamehe Baba Zuhura. Sijamsamehe! Alikuwa na haki ya kunipiga mimi, si mama. Lakini kila nikimlaani, najua kiberiti kilikuwa mkononi mwangu.

Nilikwenda kwa balozi nikasema ukweli. Tukaandamana mpaka chama, nikarudia mbele yao. Waliguna tu, funguo walishampa mtu mwingine, na bandarini mafunzo yalikuwa yamekwisha anza bila yeye.

Nikaenda nyumbani kwake. Nikasimama uani nikapiga kelele, "Mwizi wewe! Leo nachukua kuku!" Nikamkamata kuku kweli, nikamshika miguu juu, anapiga mabawa. Nilitaka anifukuze. Nilitaka anitukane mimi na kaburi la mama.

Alitoka ndani na kiti. Akakifuta vumbi kwa shati lake. "Karibu ukae, mama. Kuku ukimhitaji, mchukue, tutakufungia kamba."

Nilimwachia kuku, nikaondoka.

Sasa sikiliza, wewe unayesoma. Siku maofisa wakija kukuuliza habari za mtu, iwe kazi ya bandari, ya jeshi, ya chochote, na wewe una donge naye, waambie hivi: mimi na yeye tuna ugomvi, kaulizeni nyumba ya pili. Hayo tu! Hayakugharimu kitu. Mimi sikuyasema, na leo ukoo mzima wa watani wangu unaniheshimu.