Mama Ngumi na Mkate Usiokandwa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, ila mtaani hakuna aliyelikumbuka. Wote walimwita Mama Ngumi, na wala hakuwa mgomvi. Ngumi zake zilikuwa za unga. Tangu aolewe alikuwa akioka mikate nyumbani kwake, na jirani wa ukuta wa pili hakuhitaji saa ya kumwamsha. Akisikia pu! pu! pu! alijua Mama Ngumi yuko mezani anakanda. Meza yenyewe ilishavunjika mguu, na seremala alipokuja kuitengeneza aliuliza ni nani aliyepanda juu yake. Mwenye duka akishindwa kufungua chupa yoyote, alimtuma mtu nayo kwa Mama Ngumi, ikarudi iko wazi. Na mkate wake, jamani, tuseme ukweli, ulikuwa mkate hasa: laini, umejaa, ukiuvuta unaachia nyuzi nyuzi. Watu walipanga foleni dirishani kwake wakiwa bado na tongotongo machoni.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kuusifu, naye ni wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani, mjane, anaishi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya kibanda chake cha kushonea. Kila Jumamosi alasiri alikuja kula kwa kaka yake, na kabla hajakaa vizuri kitini alishaanza. "Wifi, leo umeoka au umefyatua matofali?" Mama Ngumi naye hakuwa wa kumezea. Alimwuliza hilo gauni alilovaa alilishona amefumba jicho moja au yote mawili. Basi hapo watachambana mpaka chai ipoe. Wifi atakula vipande vyake na vya kaka yake, atafunga vingine kwenye mfuko wa kwenda navyo, na akifika mlangoni ataaga kwa kusema hajawahi kutia kinywani kitu kibaya namna ile. Mama Ngumi alikuwa akimsindikiza mpaka barabarani, wanaendelea kutupiana maneno njia nzima. Tusidanganyane, katika juma zima hakuna siku aliyoipenda kama Jumamosi.

Ngoja nimtaje na mume, maana tutamhitaji. Alikuwa mlinzi mstaafu, na jina lake la mtaani lilikuwa Baadaye. Ukimwomba apigilie msumari, baadaye. Afunge bomba linalovuja, baadaye. Wenye midomo walisema amestaafu kulala kazini akahamia kulala nyumbani. Alikuwa na kochi lake sebuleni, na hakuna mwingine aliyeweza kulikalia kwa raha kwa sababu lilishashika umbo la mwili wake.

Haya. Wifi akaanza kuumwa tumbo. Likavimba, likaunguruma, likamkosesha usingizi, akakonda mpaka nguo alizojishonea mwenyewe zikawa zinamwaibisha mbele ya wateja. Akatumia dawa ya kila aliyemshauri, na nani asiyeshauri mgonjwa? Mwishowe hospitali wakampima wakampa jibu: ngano. Mwili wake haupatani nayo kabisa. Asile mkate, asile keki, tambi wala biskuti, na hata vumbi la unga wa ngano lisiangukie chakula chake, maisha yake yote.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kibakuli cha viazi alivyochemsha kwake. Akakaa pembeni kabisa ya meza, akala kimya kimya. Mama Ngumi akamchokoza, "Wifi, hivyo viazi umevipika au umevifua?"

Wifi akatabasamu kidogo. "Samahani kwa usumbufu, wifi yangu."

Mama Ngumi nusura aangushe birika. Samahani? Kwa usumbufu? Katika nyumba ile adabu ilikuwa ya wageni na ya waliofiwa! Na haikuishia hapo. Wifi aliosha kibakuli chake mwenyewe, akamshukuru kila mtu, na mlangoni akasema labda bora awe anakula kwake, maana akija watu wanahangaika kufuta meza na kuchunga vumbi, naye hapendi kuwa mzigo kwa mtu.

"Huyu ataacha kuja," Mama Ngumi alimwambia mumewe walipobaki wawili. "Atajifungia kule na cherehani yake, hana wa kumsemesha. Na mimi je? Nitagombana na nani? Na wewe? Wewe mtu akikutukana unamwambia asubiri!"

Baadaye alikubali kwamba hilo ni kweli.

Hapo ndipo Mama Ngumi alipokula kiapo. Angeoka mkate ambao wifi yake anaweza kuula, na angejua amefaulu siku wifi atakapoukashifu. Sifa hakuzitaka. Alitaka atukaniwe mkate wake mezani kwake kama zamani, basi.

Akaanza na usafi. Salaale! Mtu aliyeoka katika nyumba moja miaka yote hiyo, ngano iko wapi na haiko wapi? Ilikuwa kwenye rafu, kwenye pazia, juu ya taa, ndani ya viatu. Alisugua kuta, akasugua oveni, akafua mapazia, na alipomaliza akamwangalia mumewe, akamsugua na yeye, masikio kwa makini zaidi. Akanunua beseni jipya, mwiko mpya na kopo jipya la kuokea. Tena akatangaza dirishani kwamba kuanzia Alhamisi mchana ngano haikandwi, nyumba inasafishwa kwa ajili ya Jumamosi. Wateja wakanung'unika, akawaambia anayetaka kugombana aingie ndani. Hakuna aliyeingia.

Kisha akaenda kwa muuguzi aliyekuwa akimhudumia wifi, kuuliza mkate wa watu wa aina hiyo unaokwaje.

"Rahisi, mama," muuguzi akasema. "Unga wa mchele, wanga wa muhogo, mayai, hamira, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu. Unakoroga, unamimina kwenye kopo, unauacha uumuke, unaoka."

"Na kukanda?"

"Haukandwi."

"Ukishaumuka, ndiyo nakanda?"

"Mama, haukandwi. Ni kama uji mzito. Ukiukandakanda unauharibu."

"Sawa, nimekuelewa," Mama Ngumi alisema. "Kwa hiyo kidogo tu."

Jumamosi ilipofika alikoroga kama alivyoambiwa, akautazama ule uji beseni zima, mikono ikaanza kumwasha. Uji hauna pa kushika! Akaongeza unga kidogo. Bado. Akaongeza tena, na tena, mpaka ukawa donge, na donge lilipopatikana ngumi nazo zikapatikana. Pu! pu! pu! Mkate uliotoka humo ulipotuliwa mezani, vikombe viliruka. Wifi aliitwa, akaja, akatafuna kipande chake muda mrefu huku machozi yakimlengalenga kwa juhudi. "Mzuri sana, wifi," akasema. "Mungu akubariki."

Mama Ngumi alikwenda jikoni akalia ndani ya aproni yake. Baadaye naye alikuwa na kipande mdomoni, na mpaka giza linaingia alikuwa bado anacho.

Mara ya pili hakuongeza unga. Nampa haki yake, hakuongeza hata chembe. Alikoroga, akamimina, akafunika kwa kitambaa, akakaa kwenye kigoda akiwa amekalia mikono yake. Ule uji ukaumuka vizuri, ukajaa kopo, ukanyanyua kitambaa. Mama Ngumi akafunua achungulie. Ulikuwa umetuna pale, mnene, laini, hauna habari na mtu. Akaupiga kofi moja, dogo, la kuusalimia tu. Ukasema fyuuu, ukazama.

"Umejitahidi sana, wifi," wifi alisema Jumamosi ile, akiokota vipande vya kitu kilicholala sahanini kama soli ya kiatu. "Usingejisumbua hivi."

Umejitahidi! Neno analoambiwa mtoto aliyeshika mkia darasani! Na kabla Mama Ngumi hajajibu, wifi akasema kazi za kushona zimemzidi, hadhani kama ataweza kuja tena Jumamosi. Kila mtu pale alijua kazi hazijamzidi. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka tangu augue.

"Njoo Jumamosi moja tu," Mama Ngumi akamwomba, na yeye si mtu wa kuomba. "Moja tu, wifi."

"Basi," wifi akasema. "Hiyo, halafu mniache nipumzike."

Juma hilo Mama Ngumi aliteseka. Alifanya mazoezi ya kuacha vitu. Aliweka mto mbele yake asiuguse, akajikuta ameukanda mpaka pamba zimetoka. Usingizini alimkanda mumewe bega, na Baadaye, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akaamka kabla ya jua. Ijumaa alimimina kopo moja la majaribio, akajifunga mikono kwa mkanda wa suruali, na uji ulipoumuka akaupiga kwa kiwiko.

Jumamosi asubuhi alisimama sebuleni, mikono imening'inia, hana la kufanya. Akamwangalia mumewe kochini. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Karibu naye bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye ndoo aliyoitega mwaka juzi. Juu yake picha ya harusi yao ilikuwa imepinda, naye hakuwahi kuinyoosha. Mama Ngumi akaitazama ile ndoo, akaitazama ile picha, akamtazama yule bwana. Mungu wangu, kumbe alikuwa naye humu humu ndani! Kama kuna mwanadamu mwenye kipaji cha kuacha mambo kama yalivyo, ni huyu.

"Baba, amka. Leo unaoka wewe."

"Baadaye," akasema, macho hayajafunguka.

"Ni mkate wa dada yako. Kazi yenyewe ni kukoroga, kumimina, halafu usifanye kitu."

Jicho moja likafunguka. "Usifanye kitu kabisa?"

"Kabisa."

"Hilo," Baadaye akasema, akajiinua, "naliweza."

Mama Ngumi alimpimia vitu, akamkabidhi mwiko, akatoka nje akafunga mlango kwa nyuma yake. Hakuna aliyewahi kuoka mkate katika nyumba ile isipokuwa yeye. Alipasua ukuni mmoja kwa hasira, akafua blanketi ambalo lilikuwa safi, akarudi kuchungulia dirishani. Baadaye alikuwa amekoroga kivivu, mizunguko michache, amemimina kwenye kopo, amevuta kiti kando yake na amelala. Uji ukaumuka, naye akakoroma. Ukafika ukingoni, akageukia upande wa pili. Mama Ngumi kule dirishani aliung'ata ukanda wa aproni yake, akajikaza. Ulipokuwa tayari aliingia kwa ncha za vidole, akautia kwenye oveni huku ametazama pembeni ili asiuone, akatoka tena mbio.

Wifi alifika akiwa na kibakuli chake cha viazi, kama mtu aliyekuja kuaga. Mama Ngumi akaweka mkate mezani. Ulikuwa umepanda, juu umepata rangi, na kisu kilipopita ndani yake hakikugoma. Akamkatia kipande. Wifi akashukuru kwa adabu ileile mbaya, akauma.

Akaacha kutafuna, kisha akatafuna tena, haraka zaidi. Akamaliza, akajikatia kingine bila kuomba. Kibakuli cha viazi akakisukuma mbali.

"Wifi," mgeni wetu akasema, mdomo umejaa. "Nani kaoka huu?"

Angeweza kusema ni yeye. Hakuna ambaye angemsuta, shahidi mwenyewe alikuwa amesharudi kochini analala. Mama Ngumi akapiga moyo konde.

"Kaka yako."

Wifi akamgeukia kaka yake kochini. Akaanza kucheka polepole tumboni, kisha mabegani, mpaka akaweka kisu chini na kujipiga mapaja.

"Yaani wewe mwanamke! Miaka yote hii umenilisha yale magodoro yako, nimeharibika meno, nimeharibika tumbo, kumbe mwokaji wa nyumba hii ulimlaza kochini? Huna haya! Na chai yenyewe imepoa kama mwenye nyumba! Toka jikoni, tafuta kazi ya kuvunja kokoto!"

"Shika adabu yako, wewe!" Mama Ngumi akafoka, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni. "Kula ushibe utoke kwangu, mshona magunia mkubwa!"

"Sitoki!"

"Nani kakwambia utoke!"

Na Mama Ngumi akazunguka meza, akamkumbatia wifi yake kwa ile mikono, akambana mpaka kiti kikatoa mlio.

"Niachie! Mimi si unga!" wifi akapiga kelele kutoka ndani ya aproni. Na alipoona haachiwi, akasema humo humo kwa sauti iliyobanwa, "Jumamosi nakuja asubuhi. Lazima mtu amlinde kaka yangu na mikono yako."