Maji ya Kijito Chini ya Mashamba Yetu

Mume wangu alikuwa na tabia moja: mvua ikikatika, alishuka kijitoni kutazama maji. Yakiwa mekundu, alijua udongo wetu umeteremka, akapanda mstari mwingine wa matete kuuzuia. Alipofariki nilibaki na shamba, nguo nyeusi na tabia hiyo.

Mradi ulikuja ukawa unamlipa kila mkulima aliyepanda mistari ya matete. Lakini agronomi, mtaalamu wao wa kilimo, alipaswa kutoka mjini Bunia kwa pikipiki kupima shamba moja moja, na safari hizo zikala fedha nyingi kuliko tulizolipwa sisi wakulima. Akatuita mkutanoni, akatuambia watafunga mradi.

Sipendi kusema mbele ya watu. Siku ile nilisimama.

"Usipime mashamba," nikamwambia. "Pima maji. Uje mara moja tu, mvua ikikatika, uchote na beseni. Ukiona kitako cha beseni ndani ya maji, utulipe wote. Usipoona, usimlipe mtu."

Jirani yangu akaruka. "Mama, weye unataka mayi ndiyo itupatie mushahara? Siye wote tukose juu ya muvivu moja?"

"Agronomi hatamujua huyo muvivu," mwingine akamjibu, "lakini siye tutamujua. Tunapita kwake kila asubuhi!"

Watu wakacheka. Agronomi hakucheka, aliandika.

Mara ya kwanza tulishindwa. Beseni lilijaa maji mazito kama uji mwekundu, watu wakaanza kutazamana. Kabla mtu hajasingiziwa, nikasema ni mimi. Nilikuwa nimeng'oa mistari miwili ili nipate nafasi ya maharage.

"Mwalimu wetu huyo!" jirani akapaza sauti. "Anafundisha, halafu anatoroka masomo!"

Lakini kesho yake alifika shambani kwangu na mzigo wa matete kichwani, tukapanda pamoja.

Agronomi alitupatia nafasi moja tu zaidi. Miezi ikapita, matete yakashika. Siku aliyokuja, mvua ilikuwa imepiga tangu asubuhi, ndiyo kwanza imekatika. Tulimzunguka ukingoni hadi akatuomba hewa. Akachota, akasubiri, akainama. Kwenye kitako cha beseni lilionekana ua lililochorwa, na majani yake manne.

"Naliona," akasema.

Nilipiga kigelegele, mimi ambaye sikuwa nimeinua sauti tangu mazishi. Jirani akanivuta mkono hadi ndani ya kijito, tukacheza ngoma bila kuvua viatu, tope likapanda. Agronomi akatupigia kelele kutoka ukingoni kwamba ameshaandika, tuchafue tunavyotaka.